Nani Amgeuze Lihanda?

Hapo zamani, na simaanishi zamani za mababu, namaanisha zamani hizi za juzi, bando la intaneti liliposhuka likawa bei ya andazi, palikuwa na mji wa miwa huko magharibi, na katika mji huo palikuwa na timu ya raga iliyoitwa Ngiri. Tulieni niwasimulie. Anayetaka hadithi yenye mwisho mtamu aondoke sasa, sitamfuata.

Mji huo uliingiliwa na ugonjwa. Si wa tumbo, si wa mapafu. Ugonjwa wa uchambuzi. Kinyozi aliangalia mechi kwenye simu, akasimamisha picha, akachora duara jekundu, akasema. Muuza mitumba naye akasimamisha, akachora duara, akasema. Katibu wa kanisa akatoka ibadani na tai yake shingoni, akasimamisha, akachora duara, akasema. Watu ambao ukiwapa mpira wa raga watauliza mbona umebonyea, ndio waliomfundisha kocha kazi kila Jumapili jioni, na maelfu wakawafuata.

Kati yao alikuwapo mmoja aliyeona kweli. Jina lake Mideva, muuzaji wa duka la dawa karibu na stendi. Hakuwahi kucheza raga. Alijifunza kwa kuangalia, kurudisha nyuma na kuangalia tena mpaka simu izime. Siku moja akamwona Lihanda.

Lihanda alikuwa mtu wa nyuma kabisa wa Ngiri, yule anayebaki peke yake wenzake wote wakishapitwa. Kazi yake ilikuwa kumwangusha aliyepita. Sasa, kuangusha mtu katika raga kuna kanuni ya uhai. Unamgonga kwa bega, na kichwa chako kinabaki nyuma yake, upande wa makalio. Ukikitanguliza mbele, mwili wake wote unakuja juu ya shingo yako. Mtu akipita kulia kwa Lihanda, kichwa kilikaa nyuma vizuri. Akipita kushoto, kichwa kilikwenda mbele. Mechi ya kwanza, mbele. Ya pili, mbele. Ya tatu, mbele.

Mideva akasimamisha, akachora duara, lakini hakusema. Alimtumia picha Shivachi, kocha wa Ngiri, yeye peke yake: "Kocha, huyu atavunjika shingo. Mwangalie upande wa kushoto."

Alama mbili zikawa buluu. Kocha kimya. Akatuma tena. Buluu, kimya. Basi akafunga duka mapema, akaenda uwanjani wakati wa mazoezi.

"Kocha, ulipata ujumbe wangu?"

"Dada, wewe ulicheza namba ngapi?"

"Sikucheza."

"Basi kauze dawa za mafua. Hapa hakuna anayekohoa."

Wachezaji wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Lihanda mwenyewe. "Madam, kama shingo yangu inakusumbua hivyo, njoo basi uishike!"

Mideva aliondoka uso ukimwaka. Alijiambia: kwa siri hawakusikia, kwa aibu watasikia. Akaitoa ile video kwa watu wote. "Ngiri, mtamuua Lihanda. Angalieni kushoto kwake. Kila mara kichwa mbele." Video ikaenda mbio. Kulipokucha wafuasi wake walikuwa wameongezeka maradufu. Je, alifurahi? Alifurahi. Simfichii.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mideva hakulijua. Bega la kushoto la Lihanda lilikuwa limeharibika. Kila asubuhi mkewe, Nanjala, alilikanda kwa maji moto, mume akiuma taulo asipige kelele. Bega hilo halingegonga mtu. Kwa hiyo mtu akipita kushoto, Lihanda alijipinda ili amgonge kwa bega la kulia, na ndipo kichwa kilipotangulia mbele.

"Usimwambie mtu," alimsihi mkewe. "Wateuzi wa timu ya taifa wanakuja fainali. Nikikaa benchi wataona nini, benchi?"

Nanjala alikanda bega, akafunga mdomo.

Fainali ikafika. Ngiri walicheza na Chui, timu ya milimani, na kocha wa Chui aliitwa Birgen. Birgen alikuwa na simu kama nyinyi. Aliiona video. Akamwita mchezaji wake mzito kuliko wote, akamwonyesha duara, akamwambia: "Kijana, ukimkuta huyu, pita kushoto kwake. Kila mpira, kushoto."

Mpira wa kwanza, kushoto. Lihanda akakanyagwa, Chui wakafunga. Mpira wa pili, kushoto. Akaburutwa, Chui wakafunga tena. Na mashabiki, mashabiki wa Ngiri hao, waliokuwa wameila video ile wiki nzima, wakainua vidole wakachora duara hewani na kuimba: "Duara! Duara! Duara!" Uwanja mzima ulichora. Kinyozi alichora. Katibu wa kanisa alichora.

Lihanda aliwaona. Wakati wa mapumziko Kocha Shivachi alimuuliza, "Bwana, uko sawa? Nikutoe?"

"Unitoe ili yule mwanamke wa dawa acheke?"

Shivachi hakuuliza tena.

Kipindi cha pili, yule mzito akaja, kushoto. Lihanda akajirusha kwa nguvu zake zote, kichwa mbele. Nimeshawaambia kanuni. Sirudii. Alianguka na hakuinua hata kidole. Wimbo wa duara ukachelewa kukatika, kwa sababu waliokaa mbali walidhani anapoteza muda.

Hakufa. Afadhali niseme hivyo, maana kuna watu huona kutokufa ni jibu. Kuanzia shingoni kwenda chini mwili wake ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyelazwa kitandani kwake. Alibaki na macho, na mdomo, na ngozi ya kuoza. Mtu wa namna hiyo asipogeuzwa, ubavu huu asubuhi, ubavu ule mchana, anaota vidonda, na vidonda ndivyo vinavyomaliza. Nanjala alimgeuza peke yake mpaka mgongo wake ukakataa.

Mji ulifanya nini? Mji ulisimamisha picha ya shingo ikipinda, ukachora duara, ukasema. Walituma viganja vilivyoshikana vya maombi. Ngiri walijipangia zamu ya kuja kumgeuza, na mwezi wa kwanza walikuja. Mwezi wa pili kila mmoja alidhani leo ni zamu ya mwenzake. Kidonda cha kwanza kikafunguka kiunoni.

Hapo Nanjala akawaita Shivachi, Mideva na Birgen nyumbani kwake. Walikuja wote watatu, Birgen akiwa na kuku wawili. Wakasimama uani, mbele ya mlango wa chumba kimoja. Jirani mmoja akainua simu juu ya ua.

"Shemeji Shivachi," akasema Nanjala, "Ngiri mna desturi yenu. Mkishindwa mechi mnasimama mduara, mnamtaja aliyewaponza, na huyo anabeba gunia la jezi kwenda kuzifua kwake. Si hivyo?"

"Ni hivyo, shemeji."

"Na hakuna anayebisha."

"Hakuna."

"Basi simameni mduara. Gunia liko ndani, mnalijua jina lake. Sitaki zamu. Zamu imempa kidonda. Nataka mtu mmoja, aje kila siku, ajue kwamba asipokuja yeye hakuna mwingine. Nani aliyemponza mume wangu?"

Kocha Shivachi akasema: "Si mimi. Ujumbe niliupata, ndiyo. Lakini mnajua napata jumbe ngapi? Kinyozi aliniandikia nimtoe kipa. Kipa! Raga ina kipa? Kila mtu mjini ana jicho, ningejuaje jicho lipi linaona? Na mapumziko nilimuuliza, akakataa kutoka. Ningemkokota?"

"Ungemkokota," akasema Mideva. "Kocha ni wewe."

"Na wewe ni nani? Umemtangaza mtu mahali pake pabovu, nchi nzima ikajua pa kumpiga!"

Mideva akasema: "Si mimi. Niliandika kwa siri mara mbili, nikaja kwa miguu yangu mara ya tatu, mkanicheka. Huyo aliyelala humo alinicheka. Ningenyamaza akavunjika, leo mngeniuliza, Mideva, uliona, mbona hukusema? Nilisema kabla, wengine wote walisema baada."

"Ulisema, na wafuasi ukahesabu," akasema Birgen.

"Wewe ndiye uliyemtuma yule lori wako!"

Birgen akawaweka kuku chini. "Si mimi. Mchezo ni kutafuta upande dhaifu, kila kocha anafanya hivyo. Mchezaji wangu hakuvunja sheria, filimbi haikulia. Mimi nilitaka kufunga, sikutaka shingo ya mtu. Bega bovu sikuambiwa."

"Lakini 'mtamuua' uliisoma," akasema Mideva. "Iliandikwa juu ya video."

Birgen akasema, kwa sauti ya chini, "Nilidhani ni maneno ya mtandaoni. Huko kila siku mtu anauawa."

Sauti ikatoka ndani, nyembamba. "Waache, Nanjala. Ni mimi. Bega nilificha mwenyewe. Kutoka nilikataa mwenyewe. Gunia ni langu."

Nanjala akageuka mlangoni kwa hasira kiasi kwamba Birgen alirudi nyuma. "Wewe nyamaza! Gunia likiwa lako, utajigeuza? Eh? Geuka basi nikuone!"

 

Ndipo Mideva akauliza, na nadhani alijua swali lilivyo baya, maana aliliuliza akiangalia chini: "Dada Nanjala, bega bovu halikai bila kukandwa. Nani alikuwa analikanda?"

Nanjala akainua mikono yake miwili.

"Mimi," akasema. "Nililikanda kila asubuhi nikafunga mdomo. Alinisihi, na mimi pia niliitaka hiyo timu ya taifa. Nilitaka kuhama chumba hiki. Video yako niliiona, Mideva. Niliiona kabla ya fainali, na nikakamua taulo nikaanika. Unataka niseme nini tena? Mimi nimeshabeba. Mgongo wangu ndio huu. Ninachouliza ni nani wa kunipokea."

Shivachi akamwangalia Mideva. Mideva akamwangalia Birgen. Birgen akawaangalia kuku wake. Na yule jirani wa ng'ambo ya ua hakushusha simu, na hakuna aliyemwambia ashushe, na hakuna aliyemwambia aingie, ingawa yeye naye alikuwa uwanjani siku ile na kidole chake kilikuwa hewani.

Kisha Lihanda akaita kutoka ndani, bila hasira, kama mtu anayeomba maji: "Nigeuzeni jamani. Upande huu unawaka."

Walikuwa wanne mbele ya mlango ule, watatu wakiwa na migongo mizima, na hakuna aliyepiga hatua, maana atakayetangulia kuingia amekiri, na kesho atakuja tena, na kesho kutwa.

Nimewaambia kila mmoja alivyosema, sikumwongezea wala kumpunguzia. Na nyinyi msinijibu "wote." Wote ndio waliokuwa kwenye zamu, na kidonda mmekiona. Msinijibu "Mungu" pia. Mlango ni mmoja, kitanda ni kimoja, na mtu anaungua humo ndani mkiendelea kufikiri.

Kocha aliyeonywa akadharau? Mwanamke aliyeona kweli akaitangaza? Kocha wa mbali aliyeitumia? Mke aliyeficha kwa mapenzi na kwa tamaa? Au ni mmoja wa wale waliochora duara hewani wakiimba?

Je, nani alistahili kuingia amgeuze?