Mshai na Nyongeza ya Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Soko limejaa!

Tumekuja na vikapu!

Vya kutilia nini?

Vya kutilia maneno!

Haya, vikingeni vizuri. Na wewe Mghanga unayemfinya mwenzako huko nyuma, zimwi la leo linapenda watoto wanene. Shauri yako.

Hapo kale, chini ya mlima mmoja mwekundu, palikuwa na msichana aitwaye Mshai. Mshai alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mawe. Wenzake walipenda shanga na mafuta ya nywele. Yeye mawe! Alikuwa na jiwe la ulanga, linalobanduka kama maganda ya kitunguu. Alikuwa na vijiwe vyekundu kama punje za komamanga. Alikuwa na kipande cheupe ambacho ukikielekeza juani, unaona mwanga umekaa ndani na haukusudii kutoka. Vyote alivipanga kwenye ungo, akauweka chini ya kitanda.

Msichana maskini kama huyo aliyapata wapi mawe? Sokoni. Wachimbaji waliteremka mlimani na mawe makubwa ya matajiri, na Mshai hakuwa na cha kununulia mawe ya matajiri. Yeye alinunua kijiwe kimoja, kile cha pembeni kilichosahauliwa, kwa kikombe cha kunde. Kisha akakinga kikapu na kusema, "Na nyongeza yangu?"

Maana soko lile lilikuwa na sheria ya mababu. Ukinunua chochote, hata pilipili moja, muuzaji akupe nyongeza. Na nyongeza ni konzi moja, yaani ujazo wa mkono wa muuzaji mwenyewe. Akikataa, bidhaa zake zinamkimbia. Mama Righa, muuza nyanya, aliwahi kukunja vidole ili konzi yake iwe ndogo. Nyanya zake zilibiringika mpaka mtoni, na yeye nyuma yake akilia, "Nilikuwa natania!"

Basi Mshai, mjanja yule, kabla hajatazama mawe alitazama mikono. Mwenye mkono mdogo alimpita. Mwenye mkono kama koleo, hapo hapo alichutama.

Na kila jiwe alilolipata, kwanza alilibandika shavuni. Kioo hupata joto upesi, jiwe la kweli hubaki baridi. Halafu aliliosha, akisema, "Jiwe halijulikani mpaka lioshwe."

Mshai aliishi na kaka yake, Mwakio. Baba na mama walikuwa wamekufa, na Mwakio ndiye aliyemlea. Uji wake uliungua kila asubuhi, lakini bakuli la kwanza lilikuwa la Mshai. Mshai alimpenda kuliko mawe yote ya mlima ule, na mnajua alivyopenda mawe.

Lakini Mwakio alikuwa na kiburi. "Dada, unaokota makapi," alimwambia. "Siku moja nitakununulia jiwe kubwa, na sitapatana bei. Mwanamume hapatani bei."

"Kuuliza si ujinga, kaka."

"Rahisi ghali, dada."

Siku moja, soko likiwa limejaa, akaja muuzaji mgeni. Mrefu! Amevaa kanzu pana, na kofia imeshuka mpaka shingoni. Kwa nini kofia imeshuka mpaka shingoni? Kwa sababu kisogoni alikuwa na mdomo wa pili. Naam! Lilikuwa zimwi.

Zimwi likatandika mkeka wake. Pembeni likaweka mawe ya kijivu yenye ukubwa wa viazi, ili upepo usiuinue. Katikati likamwaga mawe ya kuuza. Jamani! Yalikuwepo ya zambarau, ya kijani, na ya bluu yenye moto ndani. Watu walisahau walichokuja kununua. Zimwi likaimba:

"Yang'aa, yang'aa, yang'aa!
Njoo utazame, njoo utwae!
Asiye na maneno mengi
ndiye mteja wangu!"

Mwakio alikuwa amekuja na mbuzi wao wa pekee. Akaona jiwe la zambarau kubwa kama kichwa cha mtoto, moyo ukamruka. "Hili ni la dada yangu! Bei gani?"

"Mbuzi," likasema zimwi, "na wewe juu."

Mshai alikuwa kwa Mama Righa, akayasikia maneno yale, akageuka. Alitaka kupiga kelele, "Kaka, uliza! Na wewe juu maana yake nini?" Lakini Mwakio, mwanamume asiyepatana bei, alikuwa ameshakata kauli. "Nimekubali!"

Pu!

Pale aliposimama Mwakio hapakuwa na Mwakio. Mbuzi alikuwepo, na kamba yake. Zimwi likainama, likaokota jiwe la kijivu, likaliweka pembeni mwa mkeka pamoja na mengine.

Mshai alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Hata hivyo alijikaza, akaenda, akachutama mbele ya mkeka kama mteja mwingine yeyote.

"Naweza kushika, mzee wangu?"

"Shika, shika. Kushika ni bure."

Mshai hakushika ya kung'aa. Alishika jiwe moja la kijivu, akalibandika shavuni. Lilikuwa na joto. Akashika la pili. Lilikuwa na joto. Akashika la tatu, nalo lilikuwa na joto, na ndani yake kitu kilikuwa kinadunda, du, du, du.

Mungu wangu! Mawe yote yale yalikuwa watu!

Sasa yupi ni Mwakio? Yote yalifanana. Na jua lilikuwa linateremka, soko linakaribia kufungwa, na zimwi lilikuwa tayari linalamba midomo. Mshai akatazama huku, akatazama huku. Halafu akatazama mkono wa zimwi. Mkono ule ulikuwa mpana kama ungo! Moyo wake ukaruka kwa furaha mpaka akauma mdomo ili asicheke.

Kwenye khanga yake alikuwa amefunga nusu ya muhogo wa kuchoma. Akachagua chembe ndogo ya zambarau, ndogo kama punje ya mahindi. "Hii bei gani?"

"Mkono wako wa kulia," likasema zimwi, "na wewe juu."

"Weee! Mkono kwa chembe hii? Punguza, baba."

Zimwi likapepesa macho. Tangu litoke mlimani halijawahi kusikia neno hilo. "Nini?"

"Punguza."

"Kidole, na wewe juu."

"Kidole cha kuchumia mboga? Utaniacha nile nini? Punguza, baba."

"Ukucha, na wewe juu!"

"Punguza, baba. Tazama, ina ufa. Tazama, huku imefifia. Nyumbani nina nzuri kuliko hii." Mshai akairudisha mkekani, akainuka, akajipangusa vumbi, akaondoka zake.

Hatua chache tu, akasikia, "We dada! Rudi! Mbona una hasira? Una nini hapo?"

Hata zimwi, wanangu, mteja akiondoka moyo unauma.

"Nina nusu ya muhogo."

"Lete."

"Muhogo, na mimi juu?"

"Muhogo mtupu! Hakuna wa juu, hakuna wa chini! Umenichosha!"

Mshai akatoa muhogo, akatwaa chembe yake. Kisha akakinga kikapu, akasema kwa sauti ya soko zima kusikia:

"Na nyongeza yangu?"

Watu wakageuka. Zimwi likacheka. "Chukua kijiwe kimoja uende."

"Nyongeza haichukuliwi, hutolewa. Konzi ya mkono wako, mzee wangu. Wala sitaki ya kung'aa. Nipe haya ya kijivu, ya kutupa."

"Hayo ni chakula changu cha jioni!" likanguruma zimwi, kwa midomo yote miwili.

Lakini mkekani, jiwe moja la bluu likaanza kubiringika lenyewe. La kijani likafuata. Mama Righa akaona, akasimama juu ya kigoda chake, akapiga makofi. "Nyongeza!" Wauza viazi wakaitikia, "Nyongeza!" Soko lote likapiga kelele, "Nyongeza!"

Zimwi likaogopa kupoteza mali yake. Likakunja vidole, likachota mawe mawili tu.

"Kunjua hivyo vidole!" akafoka Mama Righa. "Mchezo huo niliucheza mimi, nikalala bila nyanya!"

Mawe yalikuwa yanazidi kubiringika. Basi zimwi likakunjua mkono ule mpana kama ungo, likachota konzi moja. Konzi moja tu! Na mawe yote ya kijivu yakaingia kikapuni, halikubaki hata moja.

Na mkeka sasa unashikiliwa na nini? Niambieni. Hakuna! Upepo wa mlimani ukaja, fyuu, mkeka ukapaa na mawe yake yote ya kung'aa. Kofia ikaanguka. Zimwi likakimbia nyuma ya mkeka, mdomo wa mbele ukilia, "Rudini!" na wa kisogoni ukilaumu, "Si nilikuambia umalizane naye upesi!" Likapita bondeni, likapita mlimani, na halijaonekana tena.

Mshai akaburuta kikapu mpaka mtoni. Akachutama, akasema, "Jiwe halijulikani mpaka lioshwe." Akaosha la kwanza, akatoka mzee mmoja akipiga chafya. Akaosha la pili, akatoka bibi harusi, na hina bado mikononi. Aliosha na kuosha, na kila mtu akikimbilia kwao, lakini Mwakio hakutoka. Likabaki moja, baya kuliko yote. Mshai alilia. Akaliosha na machozi yake humo humo.

"Umenimwagia maji machoni," akasema Mwakio.

Mshai akamrukia shingoni. Walipotulia, Mwakio akainamisha kichwa. "Mimi nilitoa mbuzi mzima. Wewe umetoa nini?"

"Nusu ya muhogo."

"Nusu ya muhogo! Yaani mimi thamani yangu ni hiyo?"

Mshai akafungua kiganja, ile chembe ya zambarau ikameta. "Muhogo nilinunulia hii, kaka. Wewe ni nyongeza."

Na mawe yaliyomwagika kutoka kwenye mkeka ule yalitapakaa nchi nzima. Ndiyo maana mvua ikinyesha mnayaokota njiani bure, na bado mama zenu wanawagombeza.

Hadithi yangu imeishia hapo, mkeka nimeukunja. Mwenye kuona haya kuuliza bei, hulipa kwa nafsi yake.

Na ninyi mmenisikiliza bure. Nyongeza yenu ni hii: nendeni mkalale.