Kata Moja ya Mlenda

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kupika, Pimbi alikuwa na shamba la maharage kileleni mwa mlima. Marehemu mkewe ndiye aliyeyapanda, na sasa yalikuwa yamenyauka. Yasipopata maji leo, kesho ni ya kung'oa.

Kila asubuhi, bondeni, Tembo alivuta maji ya pipa kwa mkonga, akayapuliza kwenye bomba la mianzi lililopanda mlima. Desturi ilikuwa moja: yakikufikia, mwagilia, yasipokufikia, shauri yako.

Puuu! Maji yakanguruma ndani ya bomba, gubugubu, gubugubu. Yakaishia shambani kwa Nyati, katikati ya mlima.

"Pole, jirani!" Nyati akacheka, amesimama na wenzake kando ya pipa. "Hamia bondeni!"

"Bwana Nyati, yakifika kwangu leo kwa pumzi hii hii ya Mzee Tembo, utaniachia bomba?" Pimbi akauliza.

"Mwezi mzima! Mzee Tembo, umemsikia huyu?"

"Nimemsikia," Tembo akahema. "Lakini pumzi yangu ndiyo hii. Sina nyingine."

Pimbi akatega sikio kwenye bomba. Akakumbuka chungu cha mlenda cha mkewe: yeye Pimbi akikisuuza, maji yalimwagika kimya, yakiteleza. Haya ya humu yanapigana yenyewe kwa yenyewe, akawaza. Pumzi yote inaishia kwenye ugomvi!

Akatimka nyumbani, akarudi na kata moja ya maji mepesi ya mlenda.

"Ngoja niyabembeleze," akasema, akainamia pipa. "Enyi maji, msigombane." Akamimina, akakoroga polepole.

"Maskini, kachanganyikiwa," Nyati akanong'ona.

Puuu! Safari hii bomba halikunguruma. Nyuzi ndefu za mlenda, nyembamba zisizoonekana, zilivutika ndani ya maji, zikavituliza vijizunguko vya maji kabla havijakua. Swaaa! Maji yakampita Nyati, yakapanda, yakaruka kileleni: chwa, chwa, chwa, juu ya maharage!

"Mzee Tembo, umeongeza nguvu!" Nyati akang'aka.

"Haki ya nani, nimepuliza kivivu!"

Tone likavuja kwenye kiungo cha bomba, likamwangukia Nyati puani. Akalamba.

"Ala! Mlenda?"

"Kata moja tu!" Pimbi akajibu, akirukaruka matopeni. "Ungekuwa unaosha vyungu nyumbani kwako, bwana, ungejua."

Tembo akacheka mpaka mkonga ukafunga fundo.

Basi, wanangu, kabla ya kutafuta nguvu zaidi, tazameni kwanza zile mlizo nazo zinapotelea wapi.