Mkaja wa Semeni

Sogeeni karibu, na mwenye neno lake alimalize kwanza. Hadithi hii ina wanawake watatu, mwali mmoja na kitambaa kimoja, na mwisho wake hauko mdomoni mwa anayesimulia. Mtautoa ninyi.

Nje kidogo ya Muheza alikaa mkulima wa machungwa, Mzee Mbwana, na binti yake Semeni. Mama yake Semeni alimzaa, akamtazama, akafariki siku hiyo hiyo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Basi mtoto akalelewa na wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni shangazi yake, Bi Mgeni. Huyu alipewa macho. Alikuwa akimtazama kuku anavyotembea, anakwambia huyo mchinjeni leo, kesho mtamkuta kibudu. Semeni alipoanguka kwa mara ya kwanza, angali mtoto wa kuchezea mchanga, watu walisema amepandwa na shetani. Bi Mgeni alitazama mkono unavyorushwa na jicho linavyokwenda upande, akasema, "Hiki ni kifafa. Kina hospitali yake." Akambeba mgongoni akampeleka.

Wa pili ni mama yake mdogo, Bi Sauda, aliyemnyonyesha pamoja na mwanawe mwenyewe. Huyu alipewa ulimi. Si ulimi wa umbea, ni ulimi usioweza kukaa na uongo. Neno la kweli likimfika kooni lilitoka tu kama chafya, hata likiwa linamuumiza mwenyewe. Ndiye aliyewaambia walimu, na baadaye mchumba, mbele ya wazee: "Binti yetu ana kifafa. Anakunywa dawa, na akinywa dawa yake ni mzima kuliko wewe."

Wa tatu ni mama yake wa kambo, Bi Mwanamvua. Huyu alipewa kushika. Alichokishika hakiachii. Daktari aliposema kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, bila kuruka, aliyashika maneno yale kama aya. Ulipita muda mrefu Semeni hajaanguka, wakaja wenye ushauri wao: mtoto keshapona, mpumzisheni na madawa. Bi Mwanamvua akawajibu, "Haanguki kwa sababu anakunywa. Nendeni mkapumzike ninyi."

Msije mkadhani watatu hawa walipendana. Bi Mgeni hakuwahi kumsamehe Mwanamvua kuingia kwenye kitanda cha wifi yake. Mwanamvua alimwona Sauda kama mtu anayedai maisha yake yote kwa maziwa ya miezi michache. Sauda naye aliwaambia wote wawili usoni alivyowaona, na hayo tuyaache. Semeni alikua akibeba salamu zenye miba kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na kila akifika alizing'oa miba njiani. Alizoea kunyamaza ili watu wakae.

Akachumbiwa na Mhina, fundi seremala, kijana mstaarabu. Mahari ikakubaliwa, na ndani ya mahari mkawa na mkaja. Mnaujua mkaja: ni ile nguo ambayo mama hujifunga tumboni akishajifungua, na bwana harusi huilipa kwa kumletea mama wa bibi harusi kitambaa kipya, kama kusema tumbo lile halikuumia bure. Mkaja ni mmoja. Hupewa mama. Na mama wa Semeni yuko kaburini.

"Mkaja ni wa damu ya baba yake," alisema Bi Mgeni.

"Wa ziwa," alisema Bi Sauda.

"Wa aliyekesha," alisema Bi Mwanamvua.

Kila mmoja akaapa: asiponivika mimi, asinihesabu tena, na nyumbani kwake sitakanyaga. Walipomwendea Mzee Mbwana aamue, mzee alichukua kofia yake. "Mimi simo. Semeni ana akili zake, atamvika anayemtaka." Akaenda zake shambani.

Basi Semeni akawekwa ndani, kama mwali yeyote, apakwe singo ya kulainisha ngozi, na hina. Na mwali akiwa ndani hana sauti. Hajibu, hakatai, hainui macho. Anacholetewa na wakubwa anapokea kwa mikono miwili.

Hapo ndipo kosa lilipopata mlango.

Asubuhi ya kwanza Bi Mwanamvua aliingia na chai na kidonge. Semeni akameza. Hata kikombe hakijapoa, akaingia Bi Mgeni, pakiti yake mkononi, aliyoinunua mwenyewe duka la dawa ili isionekane anategemea mkono wa mtu. "Meza, mwanangu. Umwambie kila atakayekuuliza kwamba shangazi hakukusahau." Semeni alitaka kusema nimeshameza. Lakini angesema, angeulizwa nani kakupa, na uani kungewaka moto, na wageni wa harusi wako pale wanapepeta mchele. Tena yeye ni mwali. Akameza. Baadaye kidogo akaja Bi Sauda naye, kidonge kiganjani, akanong'ona, "Hao wengine wanakutazama wewe au wanatazama kitambaa?" Akameza cha tatu.

Jioni ikawa hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Kila alipofungua mdomo alijiambia, nanyamaza kwa ajili ya amani. Kumbe alikuwa ananyamaza kwa ajili ya woga, na alilijua hilo, na alimwomba Mungu msamaha kila alipoinuka kuswali, huku mkeka ukimzunguka.

Maana mkeka ulianza kumzunguka. Kichwa kikawa kizito. Chakula kikarudi. Aliona taa mbili mahali pa taa moja. Wanawake wa uani wakacheka, wakasema mwali kalewa usingizi, huyo keshaanza kudeka.

Alasiri moja walimtoa kwenda bafuni, amefunikwa kanga. Bi Mgeni alikuwa nyuma yake. Akasimama ghafla.

"Subirini. Mbona anatembea kama ndama aliyezaliwa leo?"

"Aibu ya mwali hiyo," alisema mmoja.

"Aibu haipindi magoti." Bi Mgeni akaifunua kanga, akamtazama machoni. Macho ya Semeni yalikuwa yanachezacheza, hayatulii. Shangazi akainua vidole viwili. "Nionyeshe ni vingapi."

Semeni hakusema, kwa kuwa mwali hasemi. Akainua vyake. Vinne.

Jirani yao mmoja, Bi Chausiku, akapiga makofi ya mshangao. "Madawa hayo, miaka yote mnamlisha madawa. Leo yamemshinda. Vitupeni chooni hivyo vidonge vyote, na asivionje tena. Aolewe akiwa msafi."

Wengine wakaitikia. Mmoja akaingia chumbani, akatoka na pakiti alizoziweka Bi Mwanamvua chini ya mto, akashika njia ya chooni. Bi Mwanamvua alimfikia kabla hajafika, akamkamata mkono.

"Lete."

"Mwanamvua, unataka kumuua mtoto wa mwenzio?"

Neno hilo lilikuwa limesubiri miaka kusemwa, na lilisemwa mbele za watu. Bi Mwanamvua hakuachia. "Mtu wa kifafa humkatizi dawa ghafla. Ukimkatiza, kinamrudia kwa hasira, kinamwangusha asiinuke. Kama dawa imemdhuru, aliyeitoa ndiye atakayesema ifanyweje. Si wewe, na si mimi." Akazifunga pakiti zote kwenye pindo la kanga yake, akamshika mwali mkono, akamtoa nje mchana kweupe, jambo ambalo halijapata kufanyika mji ule. Watu wakaziba midomo. Bajaji ikaitwa. Bi Mgeni akaingia bila kukaribishwa, na Bi Sauda akaingia bila kukaribishwa, na njia nzima hakuna aliyemsemesha mwenziwe.

Hospitali wakamkuta daktari, dada mmoja mwembamba mwenye miwani.

"Anakunywa dawa gani, na kiasi gani?"

Bi Mwanamvua akafungua pindo. "Hii. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kwa mkono wangu huu, na sijakosea."

Daktari akaitazama dawa. Akatikisa kichwa. "Kwa kiasi hicho, na ameshaizoea, isingemfanya hivi. Basi tutafute kitu kingine. Tuanze na malaria." Akainuka kwenda kumwita mpimaji.

Semeni alisikia yote kama anayesikia kutoka ndani ya mtungi. Alitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzito, safari hii kweli, si kwa mila.

Ndipo Bi Sauda akakohoa.

"Daktari, rudi. Na mimi nimempa." Akavuta pumzi. "Asubuhi na jioni. Na msinifikirie vizuri kwamba sikujua. Leo niliona kikombe cha Mwanamvua kiko pale, nikajua keshapita. Nikampa hivyo hivyo, ili mtoto aseme Sauda ndiye aliyempa. Nimemtilia sumu kwa ajili ya kitambaa. Mungu ananiona, na ninyi mnione."

Bi Mwanamvua alimtazama kama mtu wa kumla. Bi Mgeni alitazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi."

Daktari akavua miwani. "Mara tatu ya kiasi chake. Sasa najua ninachotibu. Mngekaa kimya, ningehangaika na malaria huku dawa inazidi kumpanda, na dawa hii ikizidi sana humwangusha mtu yule yule inayemlinda." Akawaeleza taratibu: jioni ile asipewe kidonge, alale pale aangaliwe, na yeye mwenyewe ndiye atakayesema saa ya kuanza tena, kwa kiasi kile kile cha zamani. "Lakini msirudi nyumbani mkaacha. Si kuacha, si kuzidisha. Na akisahau kimoja, msimrundikie viwili kufidia, mniulize. Mtoaji awe mmoja tu." Akamgeukia Semeni. "Una miaka ya kuolewa. Kwa nini mtoaji asiwe wewe?"

"Huyu ni mwali," alisema Bi Mgeni. "Hasemi."

"Mwali wa kifafa anasema," alijibu daktari.

Semeni akapona, alhamdulillahi. Taa ikarudi kuwa moja. Siku aliyotoka hospitali aliomba pakiti, akazitia katika kibweta chake mwenyewe, akawaambia wale watatu kwa sauti ambayo hawakuizoea, "Nami nina kosa langu. Nilijua ni vingi, nikameza. Nilikuwa naogopa kelele zenu kuliko kaburi. Sitarudia."

Mngetaraji yaliyotokea yawapatanishe. Hayakuwapatanisha. Kila mmoja sasa alikuwa na hoja mpya.

Harusi ikafika. Wanawake wa kwa kina Mhina wakaja na ngoma na sinia, na juu ya sinia mkaja, mpya, umekunjwa vizuri, unanukia udi. Wakamkabidhi Semeni, amvike mama yake.

Bi Mgeni akasema, "Bila macho yangu mngemsindikiza kwa vigelegele mpaka aanguke. Ninyi mlikuwa mnacheka."

Bi Mwanamvua akasema, "Ukaona, kisha? Uliona, ukasimama. Bila mkono wangu dawa ingekuwa chooni na mtoto mavumbini. Na mimi ndiye niliyempa kidonge kilicho halali yake. Ninyi mliongeza."

Bi Sauda akasema, "Macho yaliona, mkono ukashika, na wote wawili mlikuwa mnampeleka kwenye malaria. Mimi nilijivua nguo mbele ya daktari ili mtoto apone. Nina dhambi, ndiyo. Lakini nani kati yenu alianza kusema yake?"

Ngoma zikanyamaza. Mzee Mbwana akatafuta kofia yake. Semeni alisimama katikati, mkaja mikononi, na mbele yake wanawake watatu waliomtia hatarini na waliomtoa hatarini, kila mmoja amegeuza uso asimwone mwenziwe. Alijua akimvika mmoja, wawili watatoka kwa mlango ule na hawatarudi.

Basi ninyi mnaosikiliza, msije mkasema ukatwe vipande vitatu. Mkaja uliokatwa ni tambara. Wala msiseme ukazikwe kaburini kwa marehemu. Marehemu ana Mola wake. Wala msiseme anyamaze, maana kunyamaza keshakujaribu, na nusura kumuue.

Aliyeona, aliyeshika, au aliyekiri? Je, kitambaa kingekuwa mikononi mwako, wewe ungemvika nani?