Mama Aliyempeleka Mwanawe kwa Mzee Manyoya

Akina mama wenzangu wa Jumatano, mchungaji amesafiri na mimi ndiye niliyebaki na mdomo, kwa hiyo leo mtanivumilia. Shule niliishia darasa la nne, sina Kigiriki cha kuwamwagia. Nina mfano mmoja tu. Na kabla hamjaanza kubinyana mkiulizana ni nani huyo ninayemsema, nawaambia nimeutunga mwenyewe juzi nikichambua maharage. Atakayejiona ndani yake, hilo ni lake na moyo wake. Mama Atupele, acha kumwangalia jirani yako. Niangalie mimi.

Palikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mmoja wa kike, miaka minne. Mtoto mcheshi, macho makubwa, maneno mengi, ila chakula hataki. Ukimpa uji anautazama kama dawa ya minyoo. Ukimpa ndizi anaisukumia shavuni, inalala humo mpaka mchana. Kila mwezi mama anampeleka kliniki, mtoto anapanda mzani, nesi anaweka nukta kwenye kadi, na nukta inazidi kuushukia mstari mwekundu. Na wanawake kwenye benchi wanaichungulia kadi. Mnajua tunavyochungulia. Mkono unamfunga mtoto wako kofia, jicho liko kwenye kadi ya mwenzio. Halafu unauliza kwa sauti ya huruma, "Jamani, huyu wako anaumwa?"

Yule mama aliumia. Simlaumu kwa kuumia. Nani hapa hajawahi kutoka kliniki akiwa na hasira na mtoto wake mwenyewe?

Basi siku moja akanunua koti la mtumba. Koti la manyoya, la kahawia, pana, lililoshonewa watu wa kwenye theluji, maana kwetu huku mwezi wa sita baridi haina utani. Akalitundika nyuma ya mlango wa jiko. Mtoto akaingia, akaliona, akaganda pale pale na kikombe mkononi. Na mama akaona kwamba mtoto ameganda. Hapo, wenzangu, ndipo shetani alipovuta kigoda akakaa.

"Unamwona huyo?" mama akasema.

"Nani?"

"Mzee Manyoya. Anachukua watoto wasiomaliza uji. Anawatia tumboni, hawarudi tena."

Mtoto akafikiri. "Mama zao hawaendi kuwachukua?"

"Mama zao ndio wanaomwita."

Mtoto akamaliza uji. Kesho yake akamaliza tena. Siku akichelewa, mama analisukuma koti kwa mpini wa ufagio, linacheza kidogo, na kikombe kinakauka. Miezi mitatu, nukta imepanda juu. Nesi akamsifu mbele ya benchi zima. Wenzake wakamzunguka, dada tuambie, umempa nini, ni dagaa au karanga? Akawanong'oneza siri, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mmoja akaomba aazimwe koti kwa wiki moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anaota nini akilala. Mzani haupimi hilo.

Ikafika Jumatatu ya Pasaka. Mnaijua Jumatatu ya Pasaka, kila mtoto lazima atolewe, avae nguo mpya, apigwe picha, na picha ionekane. Yule mama na shoga yake wakampeleka mtoto kwenye bustani ile ya michezo yenye mabembea ya umeme na kitreni cha kuzunguka. Gauni la njano, soksi zenye maua, nywele zimesukwa jana yake. Mtoto alikuwa na furaha mpaka getini alimsalimia mlinzi mara mbili.

Sasa bustani zile zina midoli. Sisemi ile ya kushika mkononi. Nasema mtu mzima anayevaa sura ya mnyama, kichwa kama ngoma, manyoya mpaka miguuni, anatembea anapungia watoto ili wazazi wapige picha. Siku ile alikuwapo dubu. Wa kahawia.

Mtoto akamwona.

Hakupiga kelele. Mtoto anayeogopa kidogo ndiye anayepiga kelele. Huyu alipanda juu ya mama yake kama mtu anavyopanda mti akikimbizwa, akamshika shingo, akauficha uso kwenye khanga. Na yule aliyekuwa ndani ya dubu alikuwa mtu wa makamo, mwenye watoto wake, kazi ile ameifanya miaka. Alipoona hivyo akasimama. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaketi chini kwenye majani, akageuka upande ili asimkodolee mtoto yale macho ya plastiki. Akasema taratibu kutoka ndani ya kile kichwa, "Dada, mwache kwanza. Aniangalie kwa mbali. Akitaka kuja, atakuja mwenyewe. Asipotaka, basi, nitampungia tu."

"He! Dubu anaongea!" yule shoga akasema.

"Kaka, simama bwana," mama akasema. "Tumekuja kupiga picha, hatujaja kusemeshana na wewe."

"Anaogopa, dada."

"Ataogopa mpaka lini? Ndiyo nataka azoee."

Akaanza kuvibandua vile vidole shingoni mwake. Kimoja, cha pili, akifika cha tatu cha kwanza kimeshajirudisha. Watu wakasogea kuangalia, maana kuhangaika kwa mtoto wa mwenzio ni sinema ya bure. Shoga simu iko juu, anarekodi. "Shosti, hii lazima niirushe kwenye grupu!"

Ndipo mtoto akasema. Alisema kwa haraka, pumzi imemkatika, mdomo uko sikioni kwa mama yake, lakini wote walisikia.

"Mama, nitakula. Nitakula wote. Na wa kesho nitakula. Usinipe."

Watu wakacheka.

Nataka mnijibu, na msinijibu kwa mdomo. Sisi tungefanya nini? Tungecheka. Mimi ningecheka kuliko wote, na jioni ningewasimulia, na Mama Sekela hapa mbele angeniomba nirudie pale pa "usinipe". Mama Sekela, usinitolee macho, tunajuana.

Aliyeshindwa kucheka ni dubu. Akauliza, "Dada, huyu mtoto mlimwambia nini juu yangu?"

"Ah, maneno ya nyumbani tu," mama akasema. Akavibandua vidole vilivyobaki, akamweka mtoto kwenye mapaja ya lile dubu, akarudi nyuma haraka. "Cheka, mwanangu! Cheka!"

Mtoto akakakamaa. Mikono ameinyoosha, shingo imekaza, macho hayapepesi. Soksi zile zenye maua zikalowa. Picha ikapigwa. Yule mtu akainua mikono yake yote miwili juu, asimguse, kama mtu aliyeonyeshwa bunduki.

"Mnaona?" mama akawaambia watu. "Ameshazoea."

Wakainamisha vichwa, mama na shoga yake, kuangalia picha. Hii ametoka vibaya, hii afadhali, hii mkato wake si mzuri, irudishe ile ya kwanza. Walipoinua vichwa, mtoto ameshateleza mapajani mwa dubu, hayupo.

Jamani, yule mama alikimbia. Nisimnyime haki yake. Kiatu kimoja kilimtoka na hakukirudia. Kwenye mabembea hayupo, kwenye kitreni hayupo. Aliita jina mpaka sauti ikapasuka, akawa analia anajipiga kifua mbele ya watu wale wale waliocheka. Kama mngemwona saa ile mngejua anampenda mwanawe. Alimpenda siku zote. Hilo nataka mlishike, kwa sababu baadaye mtataka kusema alikuwa mama mbaya ili mpate kupumua.

Mtoto alikuwa amejikunyata nyuma ya kibanda cha bisi. Aliyemkuta ni yule mtu wa dubu. Lakini hakumfuata na yale manyoya. Alipomwona kwa mbali alikwenda kwanza nyuma ya ukuta akavua kila kitu, akarudi na fulana yake imelowa jasho, mkononi amebeba mkono mmoja tu wa lile vazi. Akachuchumaa, hakumsogelea. Akaiweka ile glavu ya manyoya chini, katikati yao.

"Hii ni nguo," akasema. "Naivaa kazini. Ndani yake nilikuwa mimi. Sikukuambia mapema, nisamehe."

Mtoto akaitazama muda mrefu. Akaigusa kwa kidole. Akaigusa tena. Kisha akatia mkono wake ndani, ukapotelea humo mpaka kwenye kiwiko, akauchungulia.

"Kuna joto," akasema.

"Sana. Ndiyo maana nimelowa hivi."

"Wewe huchukui watoto?"

"Sichukui. Ninao wangu watatu, wananitosha. Nikifika nyumbani wananipanda mgongoni."

Na hapo ndipo mama akatokea, mguu mmoja kiatu mmoja peku, mikono ameitanua. "Mwanangu! Mwanangu! Njoo!"

Mtoto akasimama. Akarudi nyuma, akaenda kusimama nyuma ya miguu ya yule mwanamume ambaye hata jina lake halijui, akamshika suruali kwa mikono miwili.

"Mama yako huyo," yule mtu akamwambia. "Nenda kwa mama."

Mtoto akamwangalia mama yake, akamwangalia yeye. Akauliza kwa adabu, kama alivyofundishwa kuomba, "Naomba unichukue."

Mfano wangu umeishia hapo.

Naona mnangoja. Mnataka niwaambie mama alipiga magoti, mtoto akamwendea, wakakumbatiana, kitreni kikapiga honi. Labda. Jioni ilipofika lazima walirudi nyumba moja, mtoto wa miaka minne atakwenda wapi? Mtoto hurudi. Anakula, analala, anasalimia wageni. Tunamwona yupo, tunasema yaliisha.

Kwa wenye watoto wadogo, nawapa kwanza la kawaida, maana Pasaka inakuja. Mtoto akiogopa lile dude la bustanini, usimsukume. Chuchumaa naye. Mwangalieni kwa mbali. Mwambie ukweli, kwamba ni mtu amevaa nguo, anafanya kazi, anasikia joto. Akisema hapana, hiyo hapana iwe jibu, na picha ipigwe kwenye maua. Hilo hata mwenye darasa la nne analijua.

Lakini sikupanda hapa mbele kuwasemesha habari za dubu.

Nimelea watoto saba. Nilikuwa nawaambia, ukidanganya Mungu anakuona, atakuchoma. Ukiiba sukari, Mungu atakukata mkono. Mvua ikipiga radi, nasema, mnamsikia? Anamtafuta asiyefua soksi zake. Walinyooka hao! Mchungaji wa wakati ule alinisifu kanisani, nikasimama nikapunga kitambaa. Halafu Jumapili nawavalisha vizuri, nawashika mkono, nawaleta hapa hapa, nawaambia, ingieni, mpendeni, yeye ni Baba yenu. Nao waliingia. Waliimba. Mikono wameinyoosha, shingo zimekaza. Nikawaambia wenzangu, mnaona, wameshazoea.

Leo kati ya saba anakuja mmoja, na huyo anakuja kunipa lifti.

Tumelalamika hapa mwaka mzima. Vijana wamepotea, vijana wana simu, vijana wameharibiwa na dunia. Tumefunga, tumekesha, tumeunda kamati, Mama Atupele ndiye mweka kumbukumbu. Kuna Jumatano hata moja tuliyouliza sisi tuliwaambia nini juu ya Mungu? Tumemtundika Mungu nyuma ya mlango wa jiko na kumtikisa kwa mpini wa ufagio, kwa sababu ilifanya kazi, kwa sababu benchi lilitusifu, kwa sababu kumweleza mtoto jambo kunachosha na kumtisha ni rahisi. Yeye hakuwachoma wala hakuwakata mikono. Alikaa chini akageuka upande asiwatishe, na sisi tukampigia kelele asimame tupige picha.

Na ubaya wenyewe uko hapa. Mtoto akishajua kwamba lile la mlangoni lilikuwa koti, hamchukii aliyevaa manyoya. Anakumbuka nani alilitundika. Ndiyo maana vijana wetu wakikutana na mtu yeyote huko nje anayechuchumaa na kuwasemesha kwa upole, wanamshika suruali na kumwambia nichukue. Wengine wanaowachukua si watu wazuri kama yule wa kwenye mfano wangu. Mnawajua. Majina yao mnayo, na najua mlishayasambaza.

Basi sitaki mtu aniambie amina. Amina zenu nimezisikia miaka arobaini. Wala leo sifungi kwa sala, nisije nikawapa mahali pa kufumba macho. Inukeni mwende. Mwenye mtoto mdogo aende akamwambie, na mwenye mkubwa ampigie simu, aseme, "Nilikutisha, na nilikutisha na Mungu, na nilikosea." Semeni hivyo hivyo, msiongeze mahubiri. Mimi nimeshapiga sita. Wawili wamepokea. Mmoja nilimsikia anapumua tu, akasema, "Sawa, mama," akakata.

Sikumpigia tena siku ile. Nimekaa chini. Namngoja.