Viazi Kwenye Mlango wa Mkurugenzi

Mita huhesabu moto, haihesabu wanaouota.

Nyinyi vijana mmeyasoma maneno hayo leo kwenye kibao cha shaba pale kwenye betri ya mtaa, mkaniuliza ni ya nani, maana chini yake kuna jina la mheshimiwa. Mheshimiwa hakuyasema. Siku hiyo hata mjini hakuwepo. Aliyeyasema ni marehemu mke wangu, Skolastika, amekaa kwenye ngazi za ofisi ya watu na khanga mbili mabegani. Betri za pikipiki zenu hazijajaa bado, kaeni. Neno hili lina siku lilipozaliwa, na siku hiyo nilikuwepo.

Wakati huo mkaa ulikuwa umeshapigwa marufuku, na kuni za msituni zina askari. Mji wote ulikuwa umehamia kwenye jua. Walitandaza paneli kule mlimani, na kila mtaa ukapewa betri yake, kubwa kama kontena, imezungushiwa wavu. Sisi wa Idunduma tuliwekewa ya kwetu kando ya zahanati. Hakuna aliyetuuliza tunaishije. Wakubwa wakileta kitu hawaulizi. Hukata utepe, hula pilau, hupanda magari yao.

Juu ya betri zote wakaweka mtambo. Ulikaa ofisini mjini, na kila robo saa ulisoma mita za nyumba zote, ukaamua nani aongezewe na nani apunguziwe. Tuliambiwa mtambo huo hauli rushwa wala hausinzii. Ni kweli, haukula wala haukusinzia. Lakini pia haukuwahi kuingia nyumbani kwa mtu ukakaribishwa kigoda.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mtambo haukulijua. Sisi watu wa baridi tuna zamu ya moto. Mwezi wa tano ukiingia, ukungu ukawa unakaa mpaka saa nne asubuhi, nyumba kumi za safu moja huota mahali pamoja. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Moto mmoja, chungu kimoja, na ulanzi, pombe ya mianzi, kwa wanaokunywa. Kila anayekuja huja na kiazi chake kimoja, akakiweka mlangoni. Mtoto wa mgongoni ana kiazi chake, kidogo. Mgonjwa aliyebaki kitandani wenzake humwekea cha kwake, kwa sababu chakula chake kitapelekwa. Mwenye nyumba hahesabu watu, maana kwetu kuhesabu watu ni mkosi. Huhesabu viazi, akajua apike kiasi gani. Na mtu akishaweka kiazi, mwenye zamu hana ruhusa ya kumfukuza, hata kama jana walitukanana kisimani.

Umeme ulipokuja hatukubadili kitu ila jiko. Jioni nyumba moja inawaka, tisa ziko kimya. Hatukuona ajabu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Basi katikati ya mwezi wa sita ikaja barua. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo Skola ndiye aliyeisoma, na kila alipofika nukta alinitazama. Barua ilisema mtaa wa Idunduma una nyumba mia tatu na kumi, na kwamba kwa mujibu wa mtambo zenye watu ni thelathini na moja tu. Zilizobaki ni mahame. Kwa hiyo betri yetu ingehamishwa baada ya siku saba, ipelekwe kule kwenye majumba mapya ambayo mageti yake hufunguka yenyewe. Sisi tungebakiwa na umeme wa saa mbili kwa siku.

Wengine walicheka kuitwa mahame. Yusta hakucheka. Yusta alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ameshazika watoto wawili, na wiki mbili kabla ya barua alikuwa amejifungua mapacha wa miezi saba. Ukiwaweka wote wawili kwenye mizani hawafiki kilo tatu. Walikuwa zahanati, ndani ya kile kisanduku cha joto, na kisanduku kile kinakula umeme usiku na mchana. Muuguzi wetu, Sista Oresta, alimwambia bila kuzunguka kwamba kwa baridi ya mwezi wa sita, saa mbili za umeme haziwezi kuwaweka watoto wale hai. Na kuwapeleka hospitali ya mkoa kwa barabara ile, hangethubutu.

Nilikwenda ofisini mjini, ghorofa ya tatu, na mwenyekiti wa mtaa. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Mkurugenzi wa nishati wa wakati ule aliitwa Nyagawa, mtoto wa hukuhuku milimani, baba yake nilimjua, alikuwa akigema ulanzi. Lakini kiti kikikaliwa sana humsahaulisha mtu alikotoka. Alitugeuzia skrini tuone: nukta nyeupe chache, nukta nyeusi tele. Nyeusi ndiyo sisi.

"Mzee wangu," akaniambia, "mimi sibishani na mtambo. Nyumba isiyokula umeme haina mtu."

Nikamwambia aje aone. Akasema ana vikao mpaka mwisho wa mwezi.

Nilirudi nimejaa hasira, na kwa hasira hiyo nikafanya kosa. Wazo lilikuwa langu, sifichi. Niliwaambia wanaume: kama mtambo unataka kuona moto, tuuonyeshe moto. Kesho yake saa kumi jioni nyumba zote mia tatu na kumi ziliwasha kila kilichokuwamo. Majiko, hita, pasi, redio. Hata wasiokuwa na kitu cha kupika waliweka sufuria ya maji mekoni. Mtaa ukang'aa, watoto wakapiga vigelegele. Mimi nikasimama barabarani kama bwana harusi.

Haikufika nusu saa. Taa ya betri iligeuka nyekundu, na Sista Oresta akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Kisanduku kilikuwa kinapoa. Tulikimbia nyumba kwa nyumba tukizima. Yusta na mama mkwe wake waliwatoa wale watoto, wakawalaza vifuani ngozi kwa ngozi, wakafunikwa blanketi tatu, na wanawake wakakaa kuwazunguka mpaka mshale wa betri ulipopanda tena. Watoto walipona. Lakini mtambo haukututambua. Jibu lililorudi lilisema Idunduma ina hitilafu ya nyaya, na kwamba betri ihamishwe hata mapema zaidi, Ijumaa.

Ilikuwa Jumanne. Nilikaa kwenye kizingiti cha zahanati, sina uso wa kumtazama Yusta. Skola akatoka ndani, akasimama mbele yangu.

"Umewasha moto ili uonekane," akasema. "Mtambo hauna macho, mume wangu. Wenye macho wako ghorofa ya tatu."

"Wale hawaji huku," nikamwambia.

"Basi zamu haijawahi kufika kwao. Tuwape zamu yao."

Jioni ile watoto walitumwa kupita safu zote thelathini na moja kutangaza, kama ilivyo desturi, moto uko kwa nani. Wakatangaza: Alhamisi moto uko kwa Mkurugenzi.

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata jirani humwoni. Tulishuka Idunduma nzima. Wazee kwa fimbo, wanawake na watoto mgongoni, wanafunzi waliofunga shule. Kila mmoja na kiazi. Hatukubeba bango wala hatukupiga kelele. Mlinzi wa ofisi alituona tukichomoza ukunguni, akasema nafasi ya kumwona mkurugenzi huombwa wiki mbili kabla. Skola akamwamkia vizuri, "Kamwene, mwanangu," akamwambia hatukuja kumwona mkurugenzi, tumekuja kuota. Akaweka kiazi chake mlangoni, akaingia.

Mlinzi yule alikuwa wa milimani. Alikitazama kile kiazi kama mtu aliyeona kaburi la bibi yake, akasogea pembeni.

Tuliingia tukajaza jengo lile lote. Ukumbi, korido, ngazi za ghorofa tatu, mpaka chumba cha mikutano chenye viti vya kuzunguka, ambako wazee walivizungusha kwa muda wakaona vinawatia kizunguzungu, wakakaa chini. Hatukugusa karatasi ya mtu. Tulikaa tu, bega kwa bega, tunaota. Mlangoni viazi vilikuwa vinapanda. Yusta alikuja wa mwisho, kwa kuwa alikuwa amepita zahanati kunyonyesha. Akaweka vitatu: kimoja kikubwa, na viwili kama kidole gumba.

Nyagawa alikuwa amejifungia kwenye kikao ofisini mwake kule juu. Alipofungua mlango akakuta ngazi haina pa kukanyaga. Alitaka kufoka, nilimwona. Akateremka hatua kwa hatua akiomba njia mpaka mlangoni, na pale akakutana na lile fungu la viazi. Hakufoka tena. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu, bila hata kumtazama, akasema, "Au kwenu mlikuwa mnapika bila kuhesabu, mtoto wa Nyagawa?"

Watu walicheka, na yeye mwenyewe mdomo ulimcheza. Akaagiza karani ahesabu. Karani alihesabu akitumbukiza kwenye magunia, na jengo zima likanyamaza kumsikiliza. Ilichukua muda mrefu. Viazi elfu moja mia nne na kumi na mbili.

Na hapo, wajukuu zangu, ndipo lilipotokea jambo ambalo hata Skola hakulipanga. Jengo lile lilikuwa na hita za kisasa, zinazojizima zenyewe joto likitosha. Sasa watu zaidi ya elfu moja wamekaa bega kwa bega tangu asubuhi; makarani walikuwa wameshavua makoti. Hita zote zilikuwa zimezima, moja baada ya moja, na hakuna aliyeona. Lifti ilikuwa imesimama kwa kuwa hakuna wa kuipanda. Kompyuta zilikuwa zimelala, maana nani atafanya kazi siku ile. Ilipogonga robo saa yake, mtambo ukasoma mita ya ofisi ukakuta imetulia. Basi ukafanya ulivyofundishwa. Taa za korido zikazimika. Za ngazi zikazimika. Na kwenye ile skrini kubwa ya ukumbini, inayoonekana na kila aingiaye, yakatokea maandishi. Skola akayasoma kwa sauti, polepole, ili na sisi wa darasa la tatu tusikie:

"Jengo hili halina watu."

Kisha kicheko kilianzia ghorofa ya tatu, kikateremka ngazi zote mpaka kwa mlinzi mlangoni. Wazee walilia kwa kucheka. Nyagawa alisimama gizani katikati ya watu elfu, anaitazama skrini yake ikimwambia kwamba hayupo.

Skola hakucheka. Alibaki amekaa pale kwenye ngazi.

"Umeona, baba," akamwambia. "Mita huhesabu moto, haihesabu wanaouota."

Nyagawa aliinama kwenye gunia, na juu kabisa vilikuwa vile viazi viwili vya Yusta. Akaviokota, akauliza ni vya nani vidogo hivi. Yusta akasimama, akamweleza. Alisema kwa sauti ndogo. Alipomaliza, mkurugenzi aliviweka vile viazi mfukoni mwa koti lake, akamwita fundi mkuu, na pale pale mbele yetu akaandika kwa mkono, kwenye karatasi, kwamba betri ya Idunduma haiguswi. Akaongeza kwamba tangu siku ile hakuna nyumba itakayoitwa hame mpaka mtu aende kwa miguu akabishe hodi.

Kisha desturi ikamdai, na hakuikwepa. Viazi vilichemshwa shule ya jirani kwenye masufuria ya wanafunzi, na mkurugenzi akavua koti, akagawa. Vingi havikuiva vizuri. Tulivila hivyo hivyo, na sijala viazi vitamu kama vile mpaka leo. Tulipanda kurudi Idunduma tukiimba, ukungu umeshafunguka, na betri yetu inang'aa kule juu kando ya zahanati kama ng'ombe aliyerudi zizini.

Miaka ikapita, akaja mheshimiwa mwingine, akakata utepe, akabandika kibao na jina lake. Skola alikuwa ameshatangulia, kwa kichomi, akisubiri gari la wagonjwa lililoahidiwa kwenye kampeni tatu. Gari lile nalisubiri hata sasa. Lakini kibao hakinisumbui tena, maana jina la mke wangu liko mahali pengine.

Mapacha wa Yusta walikua. Mmoja anaendesha gari la maji, huwa mnampisha barabarani. Mwenzake ni msichana, alipewa jina la Skolastika, na leo yeye ndiye anayekaa mbele ya skrini ile ya nukta nyeupe na nyeusi, ghorofa ya tatu. Kila akiona nyumba imekuwa nyeusi, haandiki kitu. Hupiga simu huku mtaani na kuuliza neno moja tu: "Leo mnaota kwa nani?"

Mita huhesabu moto, haihesabu wanaouota.