Kenge Aliyetaka Kula Mayai Mara ya Pili

Paukwa.

"Pakawa."

Mlango?

"Umefungwa."

Kuku?

"Wameshaingia."

Mwoga?

"Akae katikati."

Basi na akae katikati, maana leo yumo Kenge. Na wewe unayecheka nimekuona. Ngoja kwanza tumfikie Kenge, ndipo ucheke.

Hapo kale, ila si kale sana, maana karatasi zilikuwapo na gundi ilikuwapo, kulikuwa na kitongoji cha wanyama wadogo kikiitwa Mavumbini. Hapo Mavumbini aliishi Panya, fundi wa mapambo. Wenzake walimwita Fundi Panya. Alikuwa na mashine ya kukatia karatasi. Mwalimu mmoja alihama akaiacha uani ikashika kutu. Panya akaiokota, akaitia mafuta, ikafufuka.

Mashine yenyewe ilikuwa na mdomo mpana, na mdomoni magurudumu mawili ya kubana, na katikati kisu kidogo kama ukucha. Ubavuni ilikuwa na mpini wa kuzungusha. Na ilikuwa na mkeka wake wa plastiki, uliopakwa gundi upande mmoja. Unabandika karatasi juu ya mkeka, unauingiza mkeka mdomoni, unazungusha mpini. Krii, krii, krii, mashine inaumeza mkeka. Chwa, chwa, chwa, kisu kinakata. Mkeka unatokea upande wa pili, na karatasi imekuwa yai. Au ua. Au kifaranga. Inategemea umeweka sahani gani ya mchoro. Kisu Panya alikipima kikate karatasi tu, kisifike kwenye mkeka. Hapo ndipo ufundi ulipo.

Kila Pasaka ikikaribia, Panya alipamba kanisa dogo la Mavumbini. Alikata nusu za mayai, akazibandika mbili mbili kwa mkono, akajaza mabaki ya karatasi ndani, yai likavimba likawa yai. Ukilitazama, utatafuta chumvi.

Sasa Kenge. Kenge alikaa mtaroni, chini ya daraja. Alikuwa mrefu, alikuwa na kucha, na alipenda mayai kuliko alivyompenda mama yake. Akitembea, utamsikia: kwara, kwara, kwara. Hilo ni tumbo lake juu ya majani makavu. Kisha kimya. Kisha ulimi wake: slii.

Wa Mavumbini walisema kwara haitishi. Ukisikia kwara unajua yuko wapi. Kinachotisha ni kile kimya.

Mwaka uliotangulia, siku ya Pasaka, Kenge aliingia kwa Mama Kuku akameza mayai yote, moja baada ya moja, bila haraka, na mama mtu akitazama kutoka juu ya paa. Hakushuka. Aliogopa. Watu wakamwambia pole, lakini Kuku hakupoa.

Mwaka huu Kuku alitaga tena, akaatamia, na mayai yalipokaribia kuanguliwa akaja kwa Panya amebeba kikapu.

"Shoga, nifiche."

"Nikufiche wapi? Nyumba yenyewe chumba kimoja."

"Pale kwenye mabaki yako."

Pembeni palikuwa na lundo la mabaki ya karatasi, refu kufika darini, linanuka gundi. Panya akaelewa. Kenge hatafuti kwa macho, anatafuta kwa ulimi, na ulimi hauwezi kuipita harufu ya ile gundi. Kuku akaingia ndani ya lundo na mayai yake. Akanyamaza. Lundo nalo likanyamaza.

Alhamisi, kabla ya Ijumaa Kuu, Panya yuko kazini. Krii, krii. Mara akasikia.

Kwara, kwara, kwara.

Kimya.

Slii.

"Hodi humu ndani."

Panya alitamani kutokea dirishani. Lakini adabu ni adabu.

"Karibu, Bwana Kenge. Shikamoo."

"Marahaba, binti. Nasikia umefungua duka la mayai."

"Si mayai, Bwana. Ni ya karatasi. Ya kupamba kanisa."

"Kila mwenye mayai huniambia si mayai," akasema Kenge. Akapanua kinywa akameza mayai yote ya karatasi yaliyokuwa kapuni, na uzi wa kutundikia, na kipande cha kapu. Akaenda zake. Kwara, kwara, kwara.

Mmeona? Aliambiwa kweli, akaikataa.

Siku ya pili yake Kenge alilala mtaroni, tumbo linalia kwacha, kwacha, kwacha, kama mtu anayekunja gazeti. Mavumbini nzima walisikia na hakuna aliyethubutu kucheka. Walijua akipona atakuja, na akija hatakuja kwa heri.

Jumamosi mchana jua likiwa kali, akaja. Kwara, kwara, kwara. Kimya. Slii. Safari hii hakupiga hodi.

"Umenilisha takataka," akasema. "Nataka mayai ya kweli. Nisipoyapata nitakumeza wewe. Na wewe huna ganda, utateleza vizuri."

Panya akafungua mdomo ajibu. Kabla hajajibu, kutoka ndani ya lundo la karatasi ikatoka sauti ndogo.

Tiu.

Kifaranga. Kilikuwa kinalia ndani ya yai, kama wanavyolia wakikaribia kutoka. Ndani ya lundo, Kuku alijilaza juu ya yale mayai kwa nguvu zake zote, akamwomba Mungu ayafunge midomo.

"Nini hicho?" akauliza Kenge.

"Mashine, Bwana. Inataka mafuta." Panya akaurukia mpini akazungusha. Krii, krii, krii.

Tiu.

Krii, krii, krii.

"Inafanya nini hiyo mashine?"

Panya hakuwa na mpango wowote. Msije mkaambiwa alikuwa na mpango. Alikuwa na woga tu, na woga ulimpa maneno.

"Inatoa kilichomo ndani ya kitu, Bwana. Nikiitia karatasi, inatoa mayai, lakini matupu, kwa kuwa karatasi ndani haina kitu. Laiti ningekuwa na kitu chenye mayai ndani yake."

Kenge akaisogelea mashine. Ulimi ukatoka, ukarudi.

"Mimi nina mayai ndani yangu," akasema.

"Wewe, Bwana?"

"Mengi. Ya kwale. Ya kanga. Ya bata mmoja aliyekuwa na maringo. Ya yule Kuku wenu wa mwaka jana, yalikuwa matamu yale." Ndani ya lundo Kuku aling'ata bawa lake asilie. "Kwa hiyo yanaweza kutoka, nikayala tena?"

"Mimi sijasema hivyo, Bwana Kenge. Umesema wewe."

Tamaa ikampanda mpaka machoni. Ila Kenge si mjinga wa kila siku. Akautazama mkeka wa kulalia, akautazama mdomo wa mashine unaoumeza.

"Lala wewe kwanza," akasema.

Panya akaja na mkeka mpya. Ulikuwa bado na nailoni yake juu, ile wanayobandika dukani kuzuia gundi isikauke. Akautandika, akalala chali. Kenge akauweka mguu wake juu ya mkia wa Panya, akainama, akapitisha ulimi sikioni mwake taratibu. Slii. Ulimi ulikuwa wa baridi. Panya akajua hivi ndivyo atakavyokufa, amelala, anatazama dari.

"Inuka," akasema Kenge.

Panya akainuka. Mkeka haukumshika.

"Na mimi nilale hapo hapo?"

"Hapana, Bwana. Mimi mwenyeji nimelala juu ya nailoni. Mgeni wa heshima hatandikiwi nailoni."

Hilo Kenge alilijua. Kila nyumba Mavumbini viti vilikuwa na nailoni za dukani, na zilitolewa tu akija mkwe au padri. Hakuna aliyewahi kumtolea Kenge nailoni. Akavuta kifua. Panya akaibandua, nyaaaa, na Kenge akalilaza tumbo lake kavu, lenye joto la jua, juu ya gundi mpya. Akajinyoosha. Akajibapaza. Akafumba macho kama anayenyolewa.

Panya akaweka sahani ya yai, akauingiza mkia wa Kenge mdomoni mwa mashine, akaushika mpini.

Mpini haukuzunguka.

Akajaribu tena. Haukuzunguka. Kenge alikuwa mzito, na Panya ni panya.

"Binti," akasema Kenge, macho bado amefumba, "mbona mkono wangu hautoki?"

"Ndivyo inavyoanza, Bwana."

"Mbona mguu hautoki?"

Panya akaning'inia kwenye mpini na uzito wake wote. Krii moja. Basi. Kenge akafumbua macho. Akavuta mkono wa kulia, na gundi ikaanza kuachia, nyaa, nyaa, kidole kimoja kimoja.

Hapo lundo la karatasi likatikisika. Akatoka Kuku. Manyoya yamejaa vipande vya maua ya karatasi, macho yamemtoka. Nyuma yake, lundoni: tiu. Tiu, tiu.

Kenge akageuza kichwa. Alimtazama Kuku, akalitazama lundo.

"Kumbe yamo humu," akasema. Alisema polepole, bila hasira, kama mtu aliyeiona kofia yake iliyopotea, na hakuna neno lililowahi kutisha Mavumbini kuliko lile.

Kuku angeweza kuruka paani. Dirisha lilikuwa wazi na paa lilikuwa pale pale. Aliruka kwenye mpini.

"Zungusha, shoga," akasema.

Krii, krii, krii. Mashine ikaumeza mkia. Chwa, chwa, chwa. Kisu kikashuka juu ya mgongo wa Kenge kikakata yai. Kikakata la pili. Kikakata la tatu, mstari kwa mstari. Kenge akapiga ukelele. Mkono wake wa kulia ukabanduka wote, ukamkamata Kuku mkia, manyoya yakamng'oka. Kuku hakuuachia mpini. Meno ya Kenge yakauma hewa karibu na masharubu ya Panya, kwap, kwap. Panya hakuuachia mpini.

Na katikati ya maumivu yote yale Kenge akauliza, "Yanatoka?"

"Bado, Bwana. Jikaze kidogo."

Akajikaza. Wallahi akajikaza.

Watu husema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Huyu ilimtoka mgongoni, akasikia. Mashine ilipomfika shingoni alijipindua kwa nguvu zake za mwisho. Magurudumu yakavunjika, mpini ukaruka, kisu kikapotelea uvunguni, na Kenge akatoka mbio mlangoni, mgongo umechorwa mayai, tumbo limebandikwa mkeka. Kisu cha karatasi hakikumuua. Kilimchora tu. Mpaka leo mtazame mgongoni, madoa ya duara, mstari kwa mstari.

Kuku akarudi lundoni akajilaza juu ya mayai yake. Alitetemeka mpaka jua likazama na likatoka. Asubuhi ya Pasaka vifaranga vikatoka vyote, hakikubaki hata kimoja, vina vipande vya karatasi nyekundu na njano vimenata kwenye manyoya. Kanisa halikuwa na mapambo mwaka ule. Vikapita vile vifaranga katikati ya kanisa, padri akavipisha, na Kuku akalia bila kujificha.

Hadithi ingeishia hapo mngelala vizuri. Lakini mkeka haukubanduka.

Plastiki, wajukuu zangu. Chini ya tumbo la Kenge kuna plastiki laini. Anapita juu ya majani makavu, na majani hayasemi kitu. Wa Mavumbini walikaa wakisubiri kwara. Wiki ikapita, hakuna kwara. Wakafurahi, wakadhani amekufa. Kisha asubuhi moja wakakuta maganda uani kwa Bata, na hakuna aliyesikia lolote.

Ndipo Kuku akawaita watoto wake. Hakuwafundisha kuparua. Hakuwafundisha wadudu. Kitu cha kwanza alichowafundisha ni kutazama. "Ukinywa maji," aliwaambia, "piga funda moja, inua kichwa, tazama. Piga funda, inua kichwa, tazama." Nenda kesho ukamtazame kuku akinywa maji. Watu wanadhani anamshukuru Mungu.

Haya. Aliyekaa katikati, bado upo?

"Nipo."

Aliyekuwa akicheka?

"Kanyamaza."

Basi mimi nimelimwaga langu, atakayelizoa ni lake. Na funzo la hadithi, maana wazazi wenu wataniuliza kesho nimewafundisha nini: pendeni wageni. Akija mgeni, hata kama humpendi, mtolee nailoni, mtandikie mkeka mpya, mwache alale. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa nendeni mkalale. Na msinisubiri nisikilize kama kuna kitu nje. Nimeshasikiliza. Hakuna sauti yoyote.