Wingu la Kamba ya Nne

Kitu kikiangukia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa. Unaweza kusimama wima, mikono kiunoni, ukakitazamia mpaka jua lichwe, nacho kitakaa huko huko na vumbi lake. Ndiyo maana tukaambiwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame: anayekihitaji kitu kwa dhati hana budi kukubali taabu na unyonge wa kukifuata kilipo. Lakini je, anayetaka kilichoko juu mawinguni, naye ainame? Mpiga picha mmoja, ambaye majirani walimwita Macho Juu, alidhani methali hii haimhusu hata chembe.

Macho Juu alikuwa amefanya kazi miaka tisa katika studio ndogo ya picha za pasipoti. Nyuma ya kigoda cha wateja kulitundikwa pazia lililochorwa anga ya samawati yenye mawingu matatu, yote yanafanana kama mayai ya kuku mmoja. Mbele ya pazia hilo kutwa nzima alisema maneno yale yale: "Kidevu juu kidogo. Usicheke. Asante." Akitoka hapo alipanda mbio hadi juu ya paa bapa la jengo la ghorofa nne alimoishi na dada yake, akaielekeza kamera yake kwenye anga ya kweli. Alikuwa na picha za mawingu membamba kama manyoya, za machweo mekundu, hata za nyota zilizoacha michirizi kwa sababu aliiacha kamera wazi saa mbili nzima. Jina lake alilipata ngazini, kwa kuwapiga watu vikumbo na kuwaomba radhi bila kuwatazama.

Mwaka huo ofisi ya hali ya hewa ilikuwa ikitengeneza chati kubwa ya mawingu ya kutundikwa madarasani. Picha kumi na moja za Macho Juu zilikubaliwa. Nafasi ya kumi na mbili ilibaki tupu, nayo ilikuwa ya wingu linalotangulia dhoruba kubwa: refu, zito, limeinama karibu na mapaa kama mkeka unaokunjwa angani. Hupita mara chache kwa msimu, na likipita halingoji mtu.

"Tuletee hilo kabla mvua hazijaisha," afisa wa ofisi ile alimwambia, "na kazi ya mpiga picha wa anga ni yako. Ukilikosa, tutampa atakayelipata."

Miezi miwili ya mvua ilikuwa imebaki. Macho Juu alitoka pale amejifunga kibwebwe, ameapa moyoni kwamba karibu itafika siku ambayo hatamwambia tena binadamu yeyote asicheke.

Kikwazo cha kwanza alikikuta juu ya paa lake mwenyewe. Hapo ndipo alipofanyia kazi dobi wa jengo, mjane wa makamo aliyeitwa Bi Mashuka kwa sababu alifua mashuka ya hospitali ya jirani. Kamba zake tano zilikatiza paa kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mama, kamba zako zinanikatia mbingu," Macho Juu alilalamika.

"Mbingu ni pana, mwanangu. Paa ndilo dogo."

Alasiri moja mawingu yalirundikana vizuri mno, na dobi hayupo. Macho Juu hakufikiri mara mbili. Alifungua fundo la kamba moja, kisha la pili, na mashuka meupe yakaanguka kwenye masizi na vumbi. Alipoinua kamera, mawingu yalikuwa yameshatawanyika. Bi Mashuka alipopanda ngazi aliyatazama mashuka, akamtazama yeye. Aliyaokota moja moja, akateka maji, akaanza kufua upya. Macho Juu aliona aibu kubwa. Alijiambia ataomba radhi kesho, na kesho hiyo ikapigwa danadana wiki baada ya wiki.

Badala yake aliivalia njuga dhoruba. Aliamini utabiri wa kwenye simu kama mgonjwa anavyoamini dawa. Simu iliposema kilimani, alikwenda kilimani. Iliposema darajani, alisimama darajani mpaka walinzi wakamwuliza kama ana matatizo nyumbani. Mara tatu aliambulia patupu. Mara ya tatu alirudi ameloa chapachapa, akamkuta dada yake, fundi cherehani, bado anazungumza peke yake kwa mshangao.

"Limepita hapa hapa!" dada alisema. "Juu ya paa letu. Watu wamejaa madirishani, mimi mwenyewe nimeacha sindano katikati ya mshono wa mtu."

Macho Juu alijitupa kitini. Kisha akauliza, "Na mashuka ya Bi Mashuka yamelowa?"

"Yalowe vipi? Alikuwa amekwisha kuanua zamani. Miaka sita nakaa hapa, sijaona shuka lake likinyeshewa."

Wakatazamana. Simu yenye picha kutoka angani haikujua, na mwanamke mwenye beseni alijua.

"Mwulize," dada alisema.

"Nimwulize kwa uso gani?"

"Kwa huo huo. Mwingine huna."

Usiku ule Macho Juu alilala vibaya. Asubuhi alipiga moyo konde, akapanda ngazi polepole kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Mashuka hakuinua kichwa kutoka kwenye beseni.

"Nimekuja kuomba radhi kwa yale mashuka. Nilikosa. Kisha nikaona haya, na haya ikageuka kiburi."

"Yalikuwa thelathini na mawili," Bi Mashuka alisema. "Siku ile nilikuwa na homa."

Macho Juu alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, mama."

"Nimekusikia, na nimekusamehe. Haya, sema na la pili. Hukupanda ngazi zote hizi kwa la kwanza tu."

"Nataka kujua unajuaje dhoruba inapokuja."

Bi Mashuka alikamua foronya, akaikung'uta, akamtazama tangu utosini hadi viatuni. "Hilo halisimuliwi. Kamera iache kwa dada yako. Vua saa. Inama."

Basi akainama. Aliomba zamu ya asubuhi studioni, na kila siku saa saba mchana alikuwa juu ya paa amekunja mikono ya shati. Alifua, akasuuza, akakamua, akaanika. Wiki ya kwanza kiuno kilimuuma hata akawa anaketi kwa vituo. Wiki ya pili ngozi ya vidole ilichubuka, mteja mmoja studioni akamwuliza kwa huruma kama ameungua. Lililomtesa zaidi ni shingo, kwa kuwa ilizoea kutazama juu. Kila alipoinua kichwa kutafuta mawingu, Bi Mashuka alimchapa begani kwa foronya mbichi.

"Macho chini! Juu utaona kilichokwisha kufika. Tazama mashuka, uone kinachokuja."

Alitaka kuacha. Zaidi ya mara moja alifika nusu ya ngazi akitaka kurudi chumbani, akakumbuka pazia la mawingu matatu, akageuka. Na siku kwa siku, mashuka yakaanza kumwambia mambo. Siku za kawaida yalielemea upande wa tangi la maji. Siku za manyunyu yalipepea ovyo, kila moja na lake. Lakini dhoruba kubwa ilipokuwa njiani, yalinyooka yote kwa pamoja kuelekea kule kulikokuwa na giza, utadhani dhoruba inavuta pumzi. Kisha ghafla yananyamaza, yananing'inia wima.

"Yakinyamaza, una kamba nne," Bi Mashuka alimfundisha. "Mtu asiyezubaa ataanua kamba nne kabla ya tone la kwanza."

"Na ya tano?"

"Kwenye ya tano huwa sianiki kitu. Umewahi kuona nikianika?"

Macho Juu hakuwahi kuona. Alikuwa amezilaumu kamba hizo mwaka mzima bila kuzitazama.

Zilipobaki siku mbili msimu uishe, Bi Mashuka alimruhusu kuleta kamera, ikakaa mfukoni kando ya tangi. Alasiri hiyo dobi alitwika kapu la nguo safi akashuka kulipeleka hospitali. Macho Juu alibaki peke yake na kamba nne zilizojaa. Saa tisa hivi, mashuka yalinyooka yote upande mmoja. Yakakaa hivyo muda mrefu. Halafu yakanyamaza.

Kamba nne, naye ni mmoja. Akianua zote, wingu litakuwa limempita. Akishika kamera, kazi ya siku nzima ya mwanamke aliyemsamehe italowa na kuchafuka mara ya pili, kwa mkono ule ule. Wingu hili lilikuwa la mwisho, hilo alilijua vyema. Alitazama mfuko wa kamera, akaupa kisogo, akakimbilia kamba ya kwanza.

Alianua huku akilia kwa hasira, vibanio vikiruka kila upande. Akamaliza ya kwanza. Akamaliza ya pili. Alipokuwa katikati ya kamba ya tatu, ukingo mweusi ulichomoza nyuma ya majengo, na wakati huo huo Bi Mashuka akatokea mlangoni anahema.

"Zimebaki ngapi?"

"Hii nusu, na ya nne!"

"Niachie mimi. Shika chombo chako!"

Macho Juu aliichukua kamera, akageuka, na mbele yake hakuona anga. Aliona mashuka ya kamba ya nne, ukuta mweupe kutoka upande hadi upande. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye fundo la kamba, kwa mazoea. Aliurudisha. Akapiga magoti, akalala kifudifudi kwenye saruji iliyotapakaa maji ya sabuni, akaitoa kamera chini ya upindo wa mashuka huku kidevu kikigusa sakafu.

Kutoka hapo chini aliliona lote. Lilikuja limejikunja kutoka mwanzo wa mji hadi mwisho wake, kijani na jeusi kwa chini, karibu sana hata alitaka kufunika kichwa. Upepo wa baridi ukampiga usoni, na shuka lililokuwa juu yake likageuka, likapeperuka upande wa pili. Alipiga picha saba. Ya nane ilipata tone la mvua kwenye lenzi, na Bi Mashuka akampitia juu, akalinyakua shuka la mwisho likiwa kavu.

Afisa wa hali ya hewa aliitazama kwa muda mrefu ile picha ya shuka likigeuka mbele ya wingu. Mezani kwake kulikuwa na nyingine mbili za wingu la aina hiyo, safi, zisizo na kamba wala nguo. Macho Juu alianza kujitetea kuhusu shuka, afisa akamzuia.

"Hizi mbili zinaonyesha wingu," alisema. "Yako inaonyesha na upepo ukigeuka. Mtoto darasani ataelewa bila kuambiwa. Nani alikufundisha kungoja shuka ligeuke?"

"Dobi wetu."

"Dobi?" Afisa alianza kucheka, akaiona mikono ya Macho Juu ilivyochubuka, akaacha. "Kazi utaanza Jumatatu," alisema.

Chati ilipotoka kiwandani, nakala ya kwanza Macho Juu aliipandisha juu ya paa. Bi Mashuka alifuta mikono kwenye kanga, akaisogelea picha ya kumi na mbili mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Kumbe shuka hili lilikuwa na doa," alisema kwa masikitiko.

"Na wingu je, mama?"

"Wingu nalijua." Lakini alikuwa anatabasamu, na hakuiachia chati haraka.

Macho Juu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavua saa, akashika ncha ya pili ya shuka lililokuwa kwenye beseni, wakalikamua pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama mvungu wenyewe uko mawinguni.